Omu na wati zinapokataa kukubaliana na mita: dalili, chanzo na pa kuangalia

Fomula zenyewe hazina fumbo. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. Kanuni ya Georg Ohm ilichapishwa mwaka 1827, na kwa kipande cha metali kisichobadilika joto bado inasimama vilevile. Kwa hiyo jibu likitoka la ajabu, usirudie kugawanya mara ya tatu; kikokotoo hakijakosea. Kagua ulichokilisha. Mara nyingi volti zimetoka sehemu moja ya sakiti na ampea zimetoka sehemu nyingine, au zimepimwa wakati kifaa kiko katika hali tofauti, au kimoja ni ampea na kingine kilikuwa miliampea. Karibu dalili zote zilizo hapa chini zinazaliwa na kosa hilo.

Hizi ndizo fomula tutakazotumia, V ikiwa volti, I ampea (mkondo), R omu (ukinzani) na P wati (nguvu):

R = V ÷ I
P = V × I
P = I × I × R
P = V × V ÷ R

Mbili za mwisho zimetokana na mbili za kwanza, lakini ndizo zinazoangusha watu wengi zaidi, kama tutakavyoona kwenye viungo vya waya.

Neno moja la tahadhari. Vipimo vya volti 12 kushuka chini unaweza kujifunzia mezani. Umeme wa volti 230 haujaribiwi kwa mikono ya kubahatisha: kama hujafundishwa, kata sakiti, au mwachie fundi apime.

## Jibu limepotea mara elfu moja

Rezista imeandikwa kiloomu 2.2. Betri ni ya volti 9, na mita inaonyesha 4.1. Unagawanya 9 kwa 4.1, unapata 2.195, unaandika "omu 2.2", kisha unashangaa kwa nini wati ulizokokotoa, 36.9, hazijaiyeyusha rezista ndogo namna hiyo.

Mita ilikuwa kwenye miliampea. Mkondo ni ampea 0.0041, ukinzani ni omu 2,195, na nguvu ni wati 0.0369. Kwa vifaa vidogo vya elektroniki ni rahisi kukumbuka hivi: volti ukizigawanya kwa miliampea zinatoa kiloomu, na ukizizidisha kwa miliampea zinatoa miliwati. Volti kwa mikroampea zinatoa megaomu.

Mita zinazojichagulia masafa zenyewe ndizo mbaya zaidi hapa, kwa sababu tarakimu hukaa kubwa na herufi ya kipimo hukaa ndogo pembeni. Tazama pia kama ni m au M: miliomu na megaomu zinatofautiana mara bilioni moja. Mimi huandika kipimo karatasini kabla ya tarakimu, si baada yake.

## Mkondo unasoma sifuri ingawa kifaa kinafanya kazi

Ukigawanya volti kwa sifuri unapata ukinzani usio na mwisho, na kifaa chenye ukinzani usio na mwisho hakiwezi kuwaka. Basi mita ndiyo inayodanganya.

Kama unatumia klampu, ile inayokumbatia waya, angalia umekumbatia nini. Ukikumbatia nyaya mbili za kifaa kwa pamoja, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana na klampu husoma sifuri au karibu nayo. Tenga waya mmoja tu. Klampu nyingi za bei ndogo pia hupima AC peke yake, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kama wa soketi; ukiiweka kwenye waya wa betri itakaa kimya hata kama zinapita ampea 20.

Kama ni multimita na umeikatiza njia ya mkondo ili upitie ndani yake, kifaa chenyewe kitakuwa kimezima, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni fyuzi iliyo ndani ya mita. Hukatika pale mtu anapoacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea kisha akagusa ncha mbili za betri akidhani anapima volti. Tundu la ampea lina ukinzani mdogo mno. Kuligusisha betri ni kuishoti. Kwenye mita nyingi tundu la miliampea lina fyuzi, lakini la ampea 10 kwenye mita rahisi huenda halina, na hapo kinachoungua si fyuzi. Rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kila unapomaliza kupima mkondo, hata kama utaupima tena baada ya dakika mbili.

## Balbu: omu za ohmmita na wati za kwenye kioo hazipatani

Balbu ya filamenti ya wati 60, volti 230, inapaswa kuwa na ukinzani wa 230 × 230 ÷ 60, yaani omu 882 hivi. Ichomoe, ipime kwa ohmmita: itasoma omu sitini na kitu. Ukizirudisha hizo kwenye fomula, tuseme omu 65, unapata wati 814. Balbu haijaharibika, ohmmita haijaharibika, na fomula ni sahihi.

Kilichobadilika ni joto. Filamenti ya tungsteni ikiwaka hufika karibu na 2,500 °C, na ukinzani wa metali hupanda pamoja na joto. Ikiwa baridi, ukinzani wake huwa sehemu moja ya kumi hadi ya kumi na tano ya ule wa kuwaka. Ohmmita hupitisha mkondo mdogo sana usioweza kuipasha, hivyo inakupa omu za balbu iliyolala. Ndiyo maana pia balbu za aina hii hupenda kukatika wakati wa kuwashwa: kwa kitambo kidogo sana cha mwanzo inaweza kuvuta ampea 3.5 badala ya 0.26.

Ukitaka wati, pima volti na ampea balbu ikiwa inawaka. Ukitaka kujua mshtuko wa mwanzo utakaopita kwenye swichi au fyuzi, hapo omu za baridi ndizo unazozihitaji. Zote ni kweli, kila moja kwa wakati wake.

Si kila kifaa kina tabia hiyo. Waya wa nikromu ulio ndani ya hita na pasi hubadilika kwa asilimia chache tu kutoka baridi hadi moto, kwa hiyo ohmmita inatosha kuukadiria. Shaba iko katikati: huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya omu 6 kwenye 20 °C itakuwa na omu 7.6 ikifika 90 °C.

Kama hujui kifaa chako kiko kundi gani, kuna jaribio moja ninaloliamini kuliko mengine yote. Kipe volti, pima mkondo, kisha kipe nusu ya volti hizo na upime tena. Mkondo ukishuka nusu kamili, kifaa kinamtii Ohm na omu zako zina maana kwenye volti yoyote. Ukishuka kwa kiasi kingine, basi omu ulizopata ni za pale pale ulipopima, usizihamishe.

## Hita haivuti ampea ilizopaswa kuvuta

Hita imeandikwa wati 2,000, volti 230. Umepima kwenye soketi ukapata volti 200. Unagawanya 2,000 kwa 200, unatarajia ampea 10. Klampu inasema 7.6, nawe unaanza kuishuku klampu.

Ishuku hesabu. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko ni za volti zilizoandikwa kando yake, si za volti utakazozikuta. Kinachobaki vilevile kwenye hita ni omu:

R = 230 × 230 ÷ 2,000 = omu 26.45
I = 200 ÷ 26.45 = ampea 7.56
P = 200 × 7.56 = wati 1,512

Volti zimepungua kwa asilimia 13, wati zimepungua kwa asilimia 24, kwa sababu volti zinaingia mara mbili kwenye V × V ÷ R. Mtu anayelalamika kwamba maji yanachelewa kuchemka jioni, wakati kila mtu amewasha vitu vyake, hajakosea hata kidogo.

Kosa lilo hilo hutokea kwa hita mbili zilizounganishwa kwa mfululizo. Si wati 4,000. Kila moja inapata volti 115, kwa hiyo kila moja inatoa wati 500, jumla 1,000.

Lakini chaja ya kompyuta, televisheni na vifaa vingi vya kisasa vinakwenda kinyume. Ndani yake mna sakiti inayolazimisha wati zibaki zilezile. Volti zikishuka, ampea zinapanda. Hapo V ÷ I haikupi ukinzani wa kitu chochote unachoweza kukigusa. Hesabu wati zake, acha omu.

## Omu zinatoka kubwa kidogo kuliko inavyostahili, tena kila mara

Taa au hita ndogo ya volti 12 iko mita 10 kutoka kwenye betri. Umepima volti 12 kwenye betri na ampea 5 kwenye waya, ukapata omu 2.4 na wati 60. Kifaa kimeandikwa omu 2.2.

Volti 12 ni za betri, ampea 5 ni za njia nzima, na katikati mna waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una takriban omu 0.0115 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 20, yaani omu 0.23. Kwa ampea 5, waya peke yake unakula volti 1.15. Kifaa kinabaki na volti 10.85, ambazo ukizigawanya kwa 5 unapata omu 2.17. Wati zake ni 54, na nyingine karibu 6 zinapasha waya.

Dawa ni kuhamisha ncha za voltimita hadi kwenye miguu ya kifaa chenyewe, wakati kinafanya kazi. Kupima betri ikiwa haina mzigo ni kubaya zaidi, maana betri nayo ina ukinzani wake wa ndani na volti zake hushuka inapovutwa.

## Hesabu inasema kiungo kinatoa wati nusu milioni

Hii hutokea mtu anapotaka kujua kwa nini plagi au skrubu ya swichi inapata moto. Amepima ukinzani wa kiungo kilicholegea: omu 0.1. Umeme ni wa volti 230. Anaweka V × V ÷ R na kupata wati 529,000. Anajua si kweli, basi anaamua kwamba omu 0.1 ni ndogo mno kuleta shida. Hitimisho hilo ndilo la hatari.

Volti 230 haziko kwenye kiungo. Ziko kwenye njia nzima, na sehemu kubwa inaangukia kifaa. Kiungo kinapata sehemu yake ndogo tu: mkondo ukiwa ampea 10, ni 10 × 0.1 = volti 1. Sasa tumia fomula yoyote upendayo. Volti 1 mara ampea 10 ni wati 10. I × I × R ni 10 × 10 × 0.1, wati 10 vilevile. Wati 10 zikikusanyika kwenye skrubu iliyofunikwa na plastiki zinatosha kuikausha plastiki, kuibadilisha rangi na hatimaye kuiunguza. Na joto hulegeza kiungo zaidi, omu zinaongezeka, joto linaongezeka.

Kwa nyaya, viungo, fyuzi na swichi tumia I × I × R, kwa sababu mkondo ndio unaoujua kwa hakika. V × V ÷ R iache kwa kifaa ambacho umepima volti kwenye miguu yake miwili.

## Mota: ohmmita inasema 6, hesabu inasema 57

Mota ya AC inavuta ampea 4 kwa volti 230. Kwa kugawanya ni omu 57.5. Ohmmita kwenye koili inasoma 6. Kwa kuzidisha ni 920, ila mita ya wati inasema 640.

Hakuna kati ya namba hizi iliyo batili. Omu 6 ni ukinzani wa shaba. Omu 57.5 ni kizuizi chote, yaani shaba pamoja na upinzani wa usumaku wa koili na kazi inayofanywa na mhimili. Huo si ukinzani wa kuweka kwenye I × I × R. Joto la shaba ni 4 × 4 × 6, wati 96. Zile 920 zinaitwa volti-ampea, na uwiano wa wati halisi kwa volti-ampea, hapa karibu 0.70, ndio pawafakta. Mkondo wa mota huchelewa nyuma ya volti, kwa hiyo kilele cha kimoja hakikutani na kilele cha kingine. P = V × I inafaa moja kwa moja kwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), na kwa hita na balbu za filamenti kwenye AC. Kwa mota, transfoma na taa zenye choki (koili ya kupunguza mkondo), zidisha pia kwa pawafakta.

Mota ya DC haina habari ya pawafakta, ila ina ujanja wake. Ikiwa ya volti 12 na koili ya omu 1.5, unaweza kutarajia ampea 8, lakini ikizunguka inavuta 1.2. Mota inayozunguka huzalisha volti zake zinazosukumana na za betri, hivyo koili inabakiwa na volti chache: 1.2 × 1.5 ni volti 1.8. Inaingiza wati 14.4 na kuchoma 2.2 tu kwenye koili. Ikamate isizunguke, na zile ampea 8 zinafika kweli: wati 96, zote joto. Mota iliyokwama hufa hivyo.

## LED na rezista yake

Kugawanya volti 12 kwa ampea 0.02 na kununua rezista ya omu 600 ni kusahau kwamba LED nyekundu inachukua volti 2 zake kwanza. Rezista ina volti 10, hivyo omu 500, na nguvu yake ni wati 0.2, rezista ya robo wati itavumilia lakini itakuwa moto, chukua ya nusu wati. Kukokotoa "ukinzani wa LED" hakusaidii kitu: mkondo ukibadilika mara nne, volti zake husogea kidogo sana, na omu zinakuwa nyingine kabisa.

## Omu ziko sawa, wati ni nusu ya joto unalolihisi

Hili ni adimu ila huwatesa hata wazoefu. Rezista ya omu 6 inaendeshwa na sakiti inayowasha na kuzima volti 12 haraka haraka, nusu ya muda imewaka, nusu imezima. Mita ya DC inasoma wastani: volti 6, ampea 1. Gawanya, omu 6, safi. Zidisha, wati 6. Lakini rezista inaunguza kidole kana kwamba ni 12.

Ni 12 kweli. Inapowaka inatoa 12 × 12 ÷ 6, wati 24, na hufanya hivyo nusu ya muda. Wastani wa volti ukizidishwa kwa wastani wa mkondo si wastani wa wati. Mita inayopima RMS (thamani ya volti au mkondo inayolingana na joto halisi), na iwe inahesabu pamoja na sehemu ya DC, itakupa volti 8.49 na ampea 1.41, ambazo zinazaa 12. Kwa AC ya kawaida kosa la upande wa pili ni kutumia kilele, volti 325 badala ya 230. Wati zinatoka mara mbili.

## Kosa limo kwenye mita au nyaya zake

Ukipima rezista ya omu 0.5 ukapata 0.8, gusisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe. Zikisoma 0.3, umempata mwizi, toa. Njia nzuri zaidi kwa omu ndogo ni kuitupa ohmmita kando: pitisha ampea 1 kwenye rezista, kama inaweza kuhimili nusu wati, kisha pima volti kwenye miguu yake. Ukinzani wa nyaya hauingii tena kwenye hesabu.

Kwa omu kubwa sana tatizo linageuka. Voltimita nyingi za kidijitali zina megaomu 10 ndani. Rezista mbili za megaomu 4.7 zilizogawana volti 9 zinapaswa kuwa na 4.5 kila moja, lakini mita itasoma 3.64, kwa sababu imejiunga sambamba na mojawapo na kuishusha hadi megaomu 3.2.

Na usipime omu za rezista ikiwa bado imeshikiliwa na sakiti. Njia nyingine zilizo sambamba nayo zitakupa namba ndogo, na sakiti ikiwa na umeme unaweza kuua mita.

## Tofauti ni ya asilimia chache tu

Rezista ya omu 220 yenye mstari wa dhahabu (alama ya kosa la hadi asilimia 5) inaruhusiwa kuwa popote kati ya 209 na 231. Ongeza mita: kama volti zake zina kosa la asilimia 0.5 na mkondo asilimia 1.5, omu na wati za V × I zinaweza kuhama kwa asilimia 2, na ukitumia I × I × R kosa la mkondo pekee linakuwa asilimia 3. Ukipata 226, funga mita, hapo hakuna ugonjwa wa kutibu.